Duara la Bwana Semina

Mkuu wetu wa shule akienda semina, sisi tunaobaki hatuna raha. Si kwa wivu. Ni kwa sababu mtu huyu hajawahi kurudi mikono mitupu. Mwaka mmoja alirudi na wimbo wa kuimba kabla ya kila kikao. Mwaka uliofuata akarudi na agizo kwamba tusiseme tena "tatizo", tuseme "changamoto", na choo cha walimu kilichokuwa kimeziba kikaendelea kuziba kwa jina jipya. Tukambatiza Bwana Semina, na ndivyo nitakavyomwita hapa.

Safari hii alirudi na kuaminiana.

Alisimama katikati ya chumba cha walimu, amechomekea mpaka tumbo linalalamika, akatutangazia kwamba shule yetu inaumwa, na ugonjwa wenyewe ni hofu. Walimu wanaogopa kukosea, wanaogopa kuuliza, wanaogopana. Dawa yake ni usalama wa nafsi. Maneno hayo aliyatamka polepole, anatutazama mmoja mmoja kama tumelazwa wodini. Sasa pimeni wenyewe: mtu huyohuyo, muhula uliopita, alimwandikia uhamisho mwalimu wetu wa Kemia kwa kuuliza kikaoni kwa nini maabara haina maji. Aliuliza mara moja tu, tena kwa adabu. Leo eti anatushangaa kwamba tunaogopa! Tulipiga makofi. Mwenye nguvu mpishe.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Kila Ijumaa kengele ya mwisho ikilia, tunasukuma meza pembeni na kupanga viti duara. Kuna mpira wa tenisi, umetolewa stoo ya michezo, manyoya yamekwisha. Anayeushika ndiye anayesema, na anachosema ni kosa lake la wiki hiyo. Akimaliza, wote tunaitikia "Tumekupokea," tunapiga makofi matatu, na kosa linafia hapohapo, halitoki mlangoni. Ukutani akabandika karatasi kubwa: HAPA NI SALAMA KUKOSEA. Chini yake akatia sahihi na mhuri wa shule.

Alianza yeye kutuonyesha njia. Akaukumbatia ule mpira kifuani, akafumba macho.

"Kosa langu mimi," akasema, "ni kwamba nawapenda mno. Nawabeba mpaka mnanilemea."

Makamu wake akafuta machozi. Wallahi alifuta! Mwanamume mzima, ana wajukuu, tunamwita Ndiyo-Mzee kwa sababu hilo ndilo neno pekee tuliloshuhudia likitoka kinywani mwake. Mimi nafundisha Hesabu. Mbele yangu wananiita Mama Hesabu, nyuma yangu Pilipili, na yote mawili nayakubali. Nilimtazama yule mzee akifuta machozi kwa kitambaa cha kufutia ubao, chaki inambaki kwenye kope, nikasema moyoni, ama kweli ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Wiki za mwanzo kila mtu alijitungia kosa lake. Baadaye makosa yakaanza kuadimika. Msidhani kosa zuri linaokotwa. Linatakiwa liwe kosa lakini lisiwe kosa, likuchafue kidogo na kukusifu sana. "Nilisahihisha madaftari mpaka nikasahau kula." "Niliwahi mno, nikamwamsha mlinzi." Mtu akipata moja la namna hiyo analitunza. Ndipo tukaanza kuazimana. Chai ya saa nne utasikia mtu ananong'ona, "Lile lako la madaftari bado unalitumia?" na mwenzake anajibu, "Chukua, ila Ijumaa ijayo naliwahi mwenyewe." Babu, mwalimu wa Historia aliyebakiza kidogo astaafu, ndiye aliyetupangia zamu ili wawili wasigongane na kosa moja. Ijumaa moja waligongana, mwalimu wa Jiografia na wa Michezo, wote wamesahau kula. Bwana Semina akasema huo ndio mshikamano.

Watu wazima hao, ambao asubuhi wamemfukuza mtoto kwenye chumba cha mtihani kwa kuchungulia karatasi ya jirani, alasiri wananakiliana toba. Niliwadharau wote, na sikuwaficha. Nami nilikuwa na langu: "Nawapa wanafunzi mazoezi mengi kupita kiasi." Nililitumia mpaka likachakaa.

Kosa la kweli tulilolifanya sisi lilikuwa moja. Binti wa Kemia alipofika katikati ya muhula kuziba pengo la yule aliyehamishwa, hakuna aliyemwambia kwamba makosa ya duara ni ya kutunga. Babu alidhani mimi nimemwambia, mimi nikadhani Babu, na wengine walidhani mambo kama haya mtu mwenye akili anayanusa mwenyewe. Hakuyanusa. Ndiyo kwanza ametoka chuoni, ana sauti ya kusikika mpaka darasa la jirani, na akikugonga na mlango anakuomba radhi wewe na mlango. Mama yake ni fundi cherehani, mgongo umemharibikia, na wadogo zake wawili wanasoma kwa mshahara wake. Kazini alikuwa bado anaangaliwa. Mkuu akimsainia, amethibitishwa, kazi ni yake. Asipomsainia, anafungasha vitabu vyake anarudi kwao kumtazama mama akipindika kwenye cherehani. Hilo wote tulilijua, maana alitwambia mwenyewe siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa pa kukalia.

Ijumaa moja mpira ukamfikia. Akaushika kwa mikono miwili.

"Mimi nina kosa kubwa," akasema. "Mtihani wa muhula wa kidato cha tatu ulikuwa wa aina mbili, ili wasitazamiane. Maswali ni yaleyale, mpangilio mbalimbali. Mkondo wa mashariki nimewasahihisha kwa majibu ya wenzao wa magharibi. Sehemu yote ya kuchagua. Nimeligundua juzi. Watoto wengi wamefelishwa na mimi, si na Kemia. Na walioanguka ndio hao wametolewa sayansi. Naomba nirudishiwe karatasi nisahihishe upya, na wale watoto warudi darasani kwao."

Babu akakohoa. Mwalimu wa Jiografia akaanza kufunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba. Lazima mwelewe kwa nini. Matokeo yale yalikwisha kusomwa mbele ya wazazi na kupelekwa ofisi ya elimu, na kila karatasi ya matokeo ilikuwa na sahihi ya Bwana Semina kwamba ameyahakiki yeye mwenyewe, moja baada ya jingine. Hakuhakiki hata moja, anasaini kama anafukuza nzi. Kosa la binti likitoka nje, linatoka limeshikana mkono na uvivu wake.

Bwana Semina akatabasamu, meno ya juu tu.

"Tumekupokea," akasema.

"Tumekupokea," tukaitikia, na makofi matatu.

Nilimdaka kwenye korido. "Wewe mtoto, nani amekutuma?"

"Mkuu amesema ni salama, Mama. Hata ukutani imeandikwa."

"Na barabarani imeandikwa endesha polepole! Umemwona nani anaendesha polepole?"

"Sasa ningefanyaje, Mama? Watoto si wamefelishwa bure?"

Nikamwambia aende nyumbani.

Jumatatu akapewa barua. Ajieleze kwa maandishi kwa nini asiachishwe kazi kwa uzembe aliokiri mwenyewe "mbele ya mashahidi." Mashahidi ndio sisi, na duara ndiyo mahakama! Kumbe tulipokuwa tunapiga makofi tulikuwa tunatia dole gumba. Na zile karatasi za mtihani Bwana Semina alikwisha kuzichukua maabara, akazifungia kwenye kabati la chuma ofisini kwake, ufunguo akautia mfukoni. Huyo ndiye baba wa kuaminiana. Panya mzima, anauma na kupuliza.

Chumba cha walimu kikageuka makaburini. Binti akiingia, watu wanakumbuka vipindi. Waliokuwa wanamwita "mdogo wangu" wakaanza kumwita "mwalimu." Mwalimu wa Michezo akaniambia pembeni, kwa hekima yake ya kupuliza filimbi, "Ulimi umemponza kichwa. Angejua kunyamaza." Nikamwambia yeye amejua kunyamaza tangu azaliwe na bado sijaona kichwa. Tukanuniana wiki nzima.

Kisha Bwana Semina akapata habari iliyompandisha mabega: mkaguzi kutoka ofisi ya elimu anakuja kuliona duara. Amesikia kuna shule ambayo walimu wanaaminiana, anataka kulishuhudia kwa macho yake apeleke mfano kwingine. Alasiri hiyohiyo Bwana Semina akamwita binti ofisini, na binti akatoka huko akaja moja kwa moja maabara, ambako mimi huenda kusahihisha kwa kuwa hakuna anayekuja kunisemesha.

"Ameniambia barua ile inaweza kupotea," akasema. "Nikisema kosa zuri mbele ya mkaguzi, ananisainia siku hiyohiyo. Nikileta mambo, nifungashe. Mama, kosa zuri ni lipi?"

Nikamwonea huruma mpaka nikakasirika. Nikaweka kalamu chini, nikamfundisha yote: namna ya kuazima, namna ya kuchanganya huzuni na sifa. Nikampa hata lile langu la mazoezi mengi.

"Haya, sema."

"Kosa langu wiki hii, nimewapa wanafunzi mazoezi mengi..."

"Usitabasamu mapema. Huzuni kwanza, tabasamu mwishoni. Unaungama, huuzi sabuni."

Akarudia mpaka likamkaa. Halafu akauliza, "Na wale watoto?"

"Watoto gani?"

"Waliotolewa sayansi. Wanapita nje ya dirisha la maabara kwenda madarasa mengine. Wengine wameacha kunisalimia."

"Mwanangu, thibitishwa kwanza. Mtu akiwa amekalia kuti kavu haokoi wengine."

Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani tumeelewana.

Siku ya mkaguzi, Ndiyo-Mzee aliufua ule mpira kwa sabuni. Nilimwona kwa macho yangu, bombani, mikono amekunja. Viti vikafutwa, na karatasi ya ukutani ikabandikwa upya kwa sababu pembe moja ilikuwa inaning'inia. Mkaguzi akaingia na simu mbili na saa kubwa ya mkononi aliyoitazama kabla hata hajaketi. Bwana Semina akamvika kilemba cha ukoka cha kutosha vichwa vitatu, kisha tukaanza.

Nawaambia, tuliungama! Babu aliwahi mno akamwamsha mlinzi. Mwalimu wa Jiografia akasahau kula. Ndiyo-Mzee kosa lake lilikuwa kwamba hajui kumshukuru Mkuu ipasavyo, na sauti ikamkatika palepale pa kukatika. Mimi nikasema langu la kuwahurumia wavivu, nililoliazima asubuhi. Tumekupokea, makofi matatu, tumekupokea, makofi matatu. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, dole gumba linacheza kwenye simu.

Mpira ukamfikia binti. Huzuni kwanza, kama nilivyomfundisha.

"Kosa langu wiki hii, nimewapa wanafunzi mazoezi mengi kupita kiasi." Na tabasamu mwishoni.

"Tumekupokea." Makofi. Bwana Semina akaketi vizuri, na mimi nikapumua. Amevuka.

Hapo mkaguzi akakohoa, akafunua karatasi zake. Msimpe sifa asizostahili, hakuwa na werevu wowote. Lilikuwa swali limepigwa chapa kwenye karatasi aliyopewa, na alilisoma hivyohivyo, kidole chini ya mstari.

"Mwalimu mgeni ajibu. Taja kosa moja ulilowahi kulisema hapa, na ueleze lilirekebishwaje."

Binti akatutazama. Akamtazama Bwana Semina, ambaye macho yake yalikuwa yanamwambia waziwazi, mazoezi, mazoezi, sema uliyapunguza. Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja tu, na mama yake anapumzisha mgongo.

"Halikurekebishwa," akasema.

Mkaguzi akainua kichwa. "Eti?"

"Nilisema nimesahihisha vibaya mtihani wa mkondo mzima. Halikurekebishwa. Nilipewa barua ya kutishiwa kuachishwa kazi, na karatasi zimefungiwa kabatini. Watoto wako nje ya darasa lao mpaka leo." Sauti yake ile ya kusikika darasa la jirani ilikuwa imeshuka mpaka inabidi uegemee mbele kumsikia, lakini hakuacha. "Hili la mazoezi nimeazima. Mimi nina wiki mbili sijatoa zoezi lolote. Nashindwa hata kuingia darasani."

Bwana Semina akacheka. "Hahaa! Vijana hawa, mzee. Anatania. Ana kipaji cha maigizo, tulitaka hata tumpe kikundi cha..."

"Wenzake mnasemaje?" mkaguzi akauliza. Nadhani na hilo lilikuwa limepigwa chapa.

Na sheria ya duara mnaikumbuka: asiyeshika mpira hasemi. Binti akaunyoosha ule mpira mbele yake, kwa yeyote atakayeuchukua. Mkono ukabaki hewani. Akamwelekea Babu, Babu akatazama magoti yake. Akamwelekea mwalimu wa Michezo, mtu anayedaka mipira kwa mshahara, naye akakunja mikono kifuani. Nilikuwa nawatazama watu hao, wenye vyeti, wenye watoto, wenye suti za harusi kabatini, nikawa nahesabu matusi ya kuwapa, nawapangia moja moja kwa kila kiti. Nikafika kwenye kiti changu. Kumbe na mimi nilikuwa nimekaa kama wao, mikono mapajani, midomo nimeibana, dharau imenijaa tele na haijamsaidia mtoto wa watu hata chembe.

Nikanyanyuka, nikauchukua.

"Asemayo ni kweli," nikasema. "Barua nimeisoma. Kabati nalijua. Na hata langu mimi nimeazima, kwa huyu hapa Jiografia. Sisi hapa tunaazimana makosa kwa zamu, mzee, kila Ijumaa. La kweli limesemwa moja tu tangu tuanze, na aliyelisema tumemwacha aliwe, tunatazama. Kama unataka kuandika, andika hilo."

Niliketi. Bwana Semina uso wake ulikuwa umepoteza rangi zote za semina.

Mnadhani mkaguzi aligonga meza? Alidai karatasi ziletwe? Aa wapi. Aliandika kwa muda, akafunga kalamu, akatabasamu uso mzima.

"Mkuu, hongera sana," akasema. "Nimezunguka shule nyingi. Shule ambayo mwalimu mgeni anaweza kumkosoa mkuu wake mbele ya mkaguzi, na mwenzake akasimama naye, hiyo sijaiona. Huu ndio usalama wenyewe. Hayo ya alama ni mambo ya ndani, mtayamaliza. Lakini huyu binti mshikilie. Ameshathibitishwa?"

Laiti mngeuona uso ule ukirudi! Uliingia rangi taratibu, kutoka kidevuni kwenda juu. Dakika haikuisha, Bwana Semina amenyooka kitini, kifua mbele.

"Ndivyo ninavyowalea, mzee," akasema. "Nawaambia daima, semeni. Nikosoeni. Kumthibitisha? Barua ilikuwa inasubiri sahihi tu." Akamtuma Ndiyo-Mzee mbio ofisini, barua ikaja, akaisaini pale pale juu ya goti lake, mkaguzi akimtazama. Akampa binti mkono, akamshikilia mpaka mkaguzi akapiga picha. Kilichomwokoa mtoto yule si ukweli wake wala ushujaa wangu. Ni majivuno ya mjinga mmoja na haraka ya mjinga wa pili.

Mkaguzi alipoondoka, wenzangu wakamzunguka binti. Loo, walivyompenda! "Mdogo wangu" ikarudi. Mwalimu wa Michezo akamwambia ameponea chupuchupu. Mwalimu wa Jiografia akasema yeye alijua tu, moyo wake ulikuwa unamwambia. Wakamshauri sasa atulie, amshukuru Mungu, afundishe, mambo mengine ayaache yapoe.

Binti alikuwa ameishika ile barua yake ya kazi, amekwisha kuikunja vizuri na kuitia kwenye mkoba.

"Asanteni," akasema. "Ila alama bado."

Akatoka, akaelekea ofisini kwa Mkuu. Wakatazamana. "Huyu mtoto ana wazimu," mmoja akasema. Wakaanza kurudisha meza.

Nikamfuata. Sikuwa na raha hata kidogo. Njia nzima nilikuwa nawatukana wote kimoyomoyo, nami nimo. Nilimkuta amesimama mbele ya meza ya Bwana Semina, na Bwana Semina anamweleza, kwa sauti ileile ya asali, kwamba kila jambo lina mahali pake.

"Hili tutalipokea Ijumaa, kwenye duara," akasema. Kisha akaniona mlangoni, asali ikakauka. "Na wewe, Mama Hesabu, umefuata nini?"

"Ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Wa kabati hilo nyuma yako. Karatasi za kidato cha tatu zimo humo, tunazitaka tuzisahihishe. Mkaguzi amesema tuyamalize ndani. Tumeshaingia ndani."

"Mnajua maana yake? Yale matokeo yana sahihi yangu!"

"Tunajua. Utaandika mengine, na safari hii utayasoma."

Akaanza kuinuka. Sijui angesema nini, angefoka au angelia, sauti ikatokea nyuma yangu.

"Wape ufunguo, bwana."

Alikuwa Babu. Amesimama kizingitini, kiti chake amekibeba mwenyewe, anahema, na mkononi ana kalamu yake nyekundu. Hakunitazama mimi wala hakumtazama Mkuu. Alimtazama binti tu, na alikuwa ameona haya, mzee wa watu, haya za kuonekana.

"Kemia siijui," akamwambia. "Lakini ukinisomea majibu, alama za vema na kosa naweza kuzitia. Nipe fungu langu."

Bwana Semina akatoa ufunguo. Aliuweka mezani kwa vidole viwili, akageukia dirisha, akasema ana wageni.

Tulikaa maabara watatu, kila mtu na fungu lake, binti katikati anasoma majibu kwa sauti. Swali la kwanza, B. Swali la pili, D. Alifika la tatu akanyamaza. Nikainua macho kumwuliza vipi, nikaona analia. Barua ya kutishiwa kuachishwa kazi haikumliza. Korido nzima ilipomkimbia hakulia, na hata mkono ulipobaki hewani mbele ya wote alikaza meno. Sasa analia, machozi yanamdondokea kwenye karatasi za watoto, na Babu anazisogeza pembeni zisilowe.

"Soma, mwanangu," Babu akamwambia. "Tupo."